Wazee, Wana Wao na Ulinzi wa Nyumba katika Mwambao wa Kigoma

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Utamaduni ni pia namna watu walalavyo usiku: nani hulala wapi, nani hufunga mlango, nani huamka mbwa abwekapo, na nani huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ile. Mambo haya hayachezwi uwanjani siku ya sikukuu, wala hayaandikwi sana vitabuni; walakini ndiyo yanayotupa usingizi au kutunyima. Katika insha hii tunakusudia kulichunguza jambo moja la aina hiyo, nalo ni maisha ya wazee pamoja na wana wao waliokwisha kuwa watu wazima, wakikaa katika nyumba moja au katika makazi yaliyotengwa kwa ajili ya wazee, na ile hofu ya wizi na ujeuri ambayo mara nyingi huandamana na maisha hayo. Mahali tutakapopaangalia ni Kigoma na Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Swali lenyewe ni hili: mwana mtu mzima anayekaa kwa mzee wake, je, ni mlinzi au ni mlango wa mwizi? Wako wasemao kuwa ni mlinzi, kwani mzee asiye na mwana karibu ni nyumba isiyo na komeo. Na wako wasemao kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwamba mwana huyo asiye na kazi ndiye awaletaye wenzake uani, ndiye ajuaye pesa za mzee zimewekwa wapi, na ndiye awafanyaye majirani wazee walale kwa mashaka. Kauli zote mbili husemwa kwa uchungu, na zote mbili zina ukweli ndani yake. Kazi yetu ni kutazama historia inatufundisha nini kuhusu lini kauli ya kwanza huwa kweli, na lini huwa kweli ile ya pili.

Ua na mlango wake

Hapo kale Waha, pamoja na Wajiji walio ndugu zao wa mwambaoni, hawakukaa katika vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila jamaa ilikuwa na ua wake, ambao huitwa urugo, na ua huo ulizungukwa na migomba na mashamba. Kijana aliyekwisha kubalehe hakulala tena chumba kimoja na wazazi wake. Alikuwa na kibanda chake, lakini humo humo ndani ya ua. Hata alipooa, alikaa karibu, penye ardhi aliyogawiwa na baba yake. Hivyo mzee alizeeka huku amezungukwa na wana wake, na mtu mwovu aliyekusudia kuingia kwake ilimlazimu kwanza apite kwa vijana.

Lakini tusidhani kwamba ulinzi huo ulitokana na misuli ya vijana tu. Ulitokana na hesabu. Kila kijana alijulikana ni wa ua gani, na aliyevunja amani hakudaiwa peke yake: ulidaiwa ua mzima. Mzee wa ua alikuwa hakimu wa kwanza wa wanawe, na jambo lililomshinda lilipelekwa kwa wazee wenzake, hata kufika kwa wateko, yaani wazee waliokuwa na dhamana ya ardhi na matambiko yake, na kwa watware waliotawala kwa niaba ya mwami. Kwa hiyo mzee alikuwa na sababu ya kumwonya mwanawe mapema, na mwana alikuwa na sababu ya kumsikiliza. Nguvu za kijana na jina la mzee vilikuwa vitu viwili vilivyotegemeana.

Karne ya 19 iliuvuruga mpango huu. Ujiji ulikua ukawa mji mkubwa wa biashara, mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo na Tabora. Burton na Speke walipofika hapo Februari 1858, tayari watu wa Pwani walikuwa wakinunua pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Mji ulikuwa na sehemu mbili mashuhuri, Ugoy na Kawele, na ndani yake walichanganyika Wajiji, Waarabu, Wangwana wa Pwani na Wamanyema. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa wameng'olewa kwao wakiwa vijana au watoto, na hawakujua baba zao wamezikwa wapi.

Watu waliokatwa na wazee wao namna hii walikuwa na njia mbili mbele yao. Njia ya kwanza ni ya ujeuri, nayo ilionekana wazi katika makundi ya ruga-ruga, vijana wenye bunduki ambao nchi nzima kati ya Tabora na ziwa iliwaogopa. Wengi wao walikuwa watoro, mateka na watu wasio na kwao, na mtemi Mirambo aliwatumia kuifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871. Njia ya pili ni ya kujijengea ujamaa upya. Katika miji yote ya Waswahili kijana humwita mzee wa mtaa baba, na bibi kizee humwita bibi au mama, hata kama hawana nasaba naye. Ujiji desturi hiyo ilikuwa zaidi ya adabu. Mtu asiye na ukoo alipata ukoo kwa kutambuliwa na mzee wa mtaa, na mzee asiye na mwana alipata mwana. Mitaa kama Kitongoni, Kasingirima na Rusimbi ilirithi desturi hiyo.

Mzee aliyeibiwa Ujiji

Upo mfano mmoja wa wizi uliompata mzee katika mji huu ambao umeandikwa na kujulikana duniani kote, ingawa watu wengi huukumbuka kwa sababu nyingine. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba mwaka 1871 Stanley alikutana na Livingstone Ujiji, chini ya mwembe. Mara chache hufundishwa kwa nini Livingstone alikuwa katika dhiki wakati ule.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813. Kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka 58, mgonjwa, amechoka, na wanawe wako Ulaya. Aliporudi Ujiji kutoka Manyema, Oktoba 1871, alitumaini kukuta shehena ya nguo na ushanga aliyoletewa kutoka Unguja, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya safari. Hakukuta kitu. Msimamizi wa shehena hiyo alikuwa ameiuza yote, na alijitetea kwamba alipiga bao katika Kurani akaambiwa mwenye mali amekwisha kufa. Jambo la kuangaliwa ni kwamba aliyemwibia mzee huyo hakuwa mnyang'anyi aliyevunja mlango usiku. Alikuwa mtu aliyeaminiwa, akiuza mchana mbele ya watu, na waliouziwa waliikubali mali bila kuuliza. Mali ya mzee iliibiwa kwa sababu hapakuwa na mwana wa kusema, 'Baba yu hai, na mali hii ni yake.'

Lakini katika mji ule ule alikuwapo Sayyid bin Majid, ambaye alimwendea Livingstone na kujitolea kuuza sehemu ya pembe zake ili amsaidie. Ndiyo kusema, jirani mmoja alinunua mali ya wizi na jirani mwingine akatoa yake. Mzee huyo alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliouchukua mwili wake hadi Bagamoyo walikuwa Susi, Chuma na wenzao, ambao hawakuwa wanawe wa kuzaa. Kisa hiki kinatuonyesha mapema jambo tutakaloliona tena na tena: damu peke yake haimlindi mzee, wala ugeni peke yake haumwibii.

Kodi, reli na manamba

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Baada ya muda mfupi ilikuja kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Bandari ikawa Kigoma, si Ujiji, na vijana wakafuata kazi ilikokwenda.

Waingereza walipoichukua nchi hii kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, Kigoma ilifanywa kuwa chemchemi ya vibarua. Mkonge wa Tanga na Morogoro ulihitaji mikono mingi, na Buha ilikuwa mbali na masoko. Wenye mashamba waliunda mwaka 1944 shirika la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa kifupi kama SILABU, na vijana wa Kiha walipakiwa garini kwa mikataba, kila mmoja na namba yake. Kutokana na namba hizo wakaitwa manamba.

Fikira zetu mara nyingi huwafuata manamba huko mashambani, na ni haki, maana waliteseka. Lakini tugeuke tuutazame ua waliouacha nyuma. Mzee alibaki na wanawake na wajukuu. Vibanda vya vijana vilivyokuwa karibu na mlango vikawa vitupu. Na pale kijana aliporudi baada ya miaka, aliingia katika ua ambao haukumjua vizuri. Alikuwa mtu mzima, ameona miji, amejifunza mambo ambayo baba hakuyajua wala hakuweza kuyapima. Ikiwa amerudi na fedha, alipokewa kwa vigelegele. Ikiwa amerudi mikono mitupu, alikaa kwa mama yake akiwa na haya, na haya ya mtu mzima ni jirani wa karibu wa hasira.

Ni katika zama hizo neno 'mhuni' lilipata uzito mkubwa katika midomo ya serikali ya kikoloni. Kijana asiye na kazi ya mshahara mjini alihesabiwa mhuni hata kama hajaiba kitu. Serikali iliyomtoa kijana kwa baba yake kwa nguvu ya kodi ndiyo hiyo hiyo iliyomlaumu baadaye kwa kuwa hana baba wa kumwonya. Mazoea haya ya kumhukumu kijana kwa kukosa kazi, badala ya kumhukumu kwa tendo, yalibaki hata baada ya bendera kubadilika.

Usiku wa giza

Yapasa sasa tuliangalie ziwa lenyewe, kwa maana maisha ya mwambao huu hayaeleweki bila ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, nao hufuata mwanga. Zamani wavuvi waliwasha moto mbele ya mtumbwi na kuwachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga; baadaye zikaja karabai, na siku hizi taa za betri. Mwanga wa taa hauna nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo wavuvi huingia ziwani siku za giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika na kutengeneza nyavu.

Maana yake ni nini kwa mzee anayelala Katonga au Kibirizi? Maana yake ni kwamba zile siku zenye giza nene, ambazo mwizi huzipenda kuliko zote, ndizo siku ambazo wana wa nyumba hawamo nyumbani. Mtu akisimama ufukoni usiku huo huziona taa zimejipanga majini kama mji wa pili. Wanaume wenye nguvu wako huko, na mji wa nchi kavu umebaki mikononi mwa wazee, kina mama na watoto. Kisha mwezi ukichomoza, vijana hurudi wote kwa pamoja, wana siku kadhaa bila kazi ya usiku, pengine wana fedha mfukoni na pengine wana madeni. Hapo malalamiko ya wazee hugeuka: siku za giza waliogopa kwa kuwa vijana hawapo, siku za mbalamwezi wanaogopa kwa kuwa wapo, na pombe na kamari zipo pamoja nao.

Watu wa mwambao wamejitengenezea dawa yao ya kale kwa hali hii, nayo ni kazi ya mchana. Dagaa wakitolewa majini huanikwa juani, na uanikaji huwataka watu wote: bibi anayechambua, binti anayegeuza, mzee anayekaa kivulini kuwafukuza ndege na kuangalia nani amechukua nini. Mzee katika mwalo hakai bure. Jicho lake ni ulinzi wa mali ya mwanawe mchana, kama nguvu ya mwanawe ilivyo ulinzi wa nyumba usiku. Tazama basi jinsi kazi inavyowarudishia wote wawili heshima.

Serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kwa muda wa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaane, jambo lilikuwa jema kwa ziwa na kwa vizazi vijavyo. Lakini kipindi kama hicho hutukumbusha kwamba kila amri inayogusa kazi ya vijana hugusa pia usingizi wa wazee. Apangaye kulipumzisha ziwa hana budi afikiri vijana watashika nini mikononi siku hizo.

Baada ya Uhuru

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba mzee wa kale aliyeonekana anakula bila ya kufanya kazi alikuwa amekwisha kuifanya kazi yake ujanani. Katika maandishi hayo hayo alisisitiza kuwa katika jamii ya asili hapakuwa na nafasi ya mtu mzima mwenye afya kuishi kwa jasho la wengine. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, sembuse mwana wa nyumba?

Katikati ya miaka ya 1960 ulianzishwa mpango wa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Tukiutazama kwa jicho la mada yetu, balozi alichukua sehemu ya kazi ya mzee wa ua: kujua nani amelala wapi, na mgeni wa nyumba fulani ni nani. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wametawanyika katika nyua zao walihamishiwa katika vijiji. Faida zilikuwapo, kama vile shule, zahanati na maji. Lakini wazee wengi walijikuta wamepakana na watu wasiowajua, na vijana wao hawakuwa tena vibandani penye mlango wa ua, bali katika safu za nyumba zisizo na ua.

Mwaka 1977 ilivunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kigoma ni mji wa reli na meli, na baadhi ya wazee wake waliitumikia Jumuiya hiyo kwa miaka mingi. Madai ya wastaafu wake yalichukua miaka zaidi ya 20. Mzee aliyesubiri haki yake namna hiyo hakuwa na cha kumwachia mwana ila nyumba, na mwana aliyesubiri pamoja naye alifika umri wa makamo akiwa bado anaitwa mtoto wa fulani. Hapa panahitaji huruma. Si kila mwana aliyebaki nyumbani ni mvivu. Wengine walibaki ili wazee wao wasife peke yao.

Uchumi ulipokuwa mgumu, serikali ilitunga mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi, na vijana wasio na kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Katika miaka hiyo hiyo, miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, lilizuka jeshi la jadi la sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, nalo likaenea sehemu nyingine za nchi hata sheria ikalitambua mwaka 1989. Hatua hizi mbili zafaa zilinganishwe. Ya kwanza ilimwondoa kijana mtaani kwa kuwa hana kazi. Ya pili ilimpa kijana kazi ya kuulinda mtaa wake chini ya macho ya wazee. Wala sungusungu haikuwa safi kila mahali, kwa maana kuna vijiji ambako iligeuka kuwasumbua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Lakini pale ilipofuata sheria, ilimgeuza kijana aliyeogopwa akawa kijana anayengojewa.

Hofu ya mgeni na hatari ya jirani

Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wengi kuliko sehemu nyingine za nchi. Walikuja Warundi mwaka 1972, wakaja tena wengi zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwaka 1993. Wakaja watu wa Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Na mwaka 2015 maelfu walijazana Kagunga, ufukoni, hata meli ya Liemba ikatumwa kuwachukua. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliofika bila mwana hata mmoja. Silaha nazo zilivuka mpaka, na kulikuwa na miaka ambayo magari ya Kasulu na Kibondo hayakusafiri bila kusindikizwa na askari. Ziwani wavuvi waliporwa injini na nyavu.

Basi hofu ikazoea kumtazama mgeni. Walakini msiba mmoja mkubwa ulikataa kuifuata hofu hiyo. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, watu 7 waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Kwa maelezo ya polisi, 5 kati yao walikuwa wamepita umri wa miaka 60, na watu 23 walikamatwa. Wauaji wa namna hii hawavuki mpaka. Wanazijua njia za mashamba, wanayajua majina ya wajukuu. Tukio hilo latufundisha kwamba mzee hahitaji mlinzi wa mlango tu, bali pia mtu mzima wa kumsemea kijijini, wa kukaa katika mkutano na kusema wazi kuwa bibi huyu si mchawi, kabla mnong'ono haujawa moto. Mwana asiyeheshimiwa na mtaa hawezi kuifanya kazi hiyo, kwani neno lake halina uzito. Na mwana aliye mbali hulipata neno likiwa limekwisha kuwa msiba.

Makazi ya wazee

Pamoja na nyumba za watu binafsi, yapo makazi ya wazee wasiojiweza yanayoendeshwa na serikali, na moja ya hayo liko Kibirizi, hapa Kigoma. Baadhi ya makazi ya nchi yetu, kama Nunge ya Dar es Salaam na Bukumbi ya Mwanza, asili yake ni kambi za wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa walifika wakiwa vijana au na jamaa zao. Wakaoana, wakazaa, wakazeeka humo. Mtoto aliyezaliwa kambini hakuwa na kijiji kingine cha kurudi. Kwa hiyo mahali pa wazee pakawa pia nyumbani kwa wana wao na wajukuu wao, na pamoja nao yakaja malalamiko yale yale: chakula cha mzee kinaliwa na mwenye nguvu, vitu vinapotea, kelele usiku.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Marekani mwaka 1960 ulifunguliwa Sun City, jimboni Arizona, mji uliojengwa kwa ajili ya waliostaafu. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1995 inaruhusu mtaa kuwa wa wazee tu iwapo walau asilimia 80 ya nyumba zake zinakaliwa na mtu mmoja au zaidi aliyetimiza miaka 55. Mtu angedhani kuwa kanuni kama hiyo imemaliza maneno. Lakini kanuni huhesabu umri, haihesabu mapenzi: mwana aliyefiwa, aliyeachwa au aliyekosa kazi hubisha hodi kwa mama yake, na mama hawezi kumwambia kuwa asilimia zimejaa.

Taifa letu limechagua njia nyingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, yasema kuwa familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi yawe ya mwisho. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2 na nusu. Hakuna serikali inayoweza kuwajengea wote nyumba. Njia hiyo, basi, ndiyo yetu kwa hiari na kwa lazima. Lakini sera isemapo 'familia' haijasema bado ni mwana wa namna gani.

Neno la mwisho

Historia tuliyoipitia yatoa jibu lake bila kificho. Mwana mtu mzima alikuwa mlinzi wa mzee pale alipokuwa na mambo matatu: kazi inayojulikana, jina linalojibu mbele ya majirani, na neno katika mambo ya nyumba. Aligeuka hatari pale alipokosa yote matatu, akabaki na kitanda tu. Kwa hiyo kumfukuza kwa sababu ya umri wake ni kuvunja komeo ili kuzuia mwizi; na kumwacha akae bila ya hesabu ni kumpa mwizi ufunguo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzee anayemficha mwanawe anayeiba huwanyima wazee wenzake usingizi pamoja na wake.

Katika makazi ya wazee na katika mitaa yetu, yafaa kila mtu mzima anayelala humo aandikwe na ajulikane, apewe zamu ya ulinzi au ya kazi, na aitwe katika kikao akikosa, kabla ya kupelekwa kituoni. Akitenda kosa la jinai, sheria ichukue mkondo wake bila kutazama machozi ya mzazi. Lakini asihukumiwe kwa umaskini wake.

Walimu wetu wanaweza kuianza kazi hii darasani. Waulizeni wanafunzi: nyumbani kwenu nani humlinda bibi siku za giza? Na bibi naye humlinda nani? Wengi watajibu swali la kwanza upesi. Wapeni muda wa kutosha kwa la pili, kwani mwanafunzi ajuaye kwamba jicho la bibi yake lilimlinda yeye mwenyewe, mali yake na jina lake, hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini asiwe yeye wa kumtia hofu.